TANGA LIPI KWA UPEPO MKALI?



Leo ukurasa wetu unakwenda baharini. Wasomaji wa bara msifunge gazeti. Hesabu iliyomo katika somo hili ni ya kila mtu, na hata kule Ziwa Victoria wapo wavuvi wanaotumia tanga. Chukueni kalamu na daftari. Mkimaliza kusoma kuna maswali ya kujibu.

Sisi tunaoandika somo hili ni wa pwani, tulimaliza kisomo pamoja, na baadhi yetu ni mabaharia. Tutaanza na mambo yaliyotupata wenyewe, maana tulijifunza kwa hasara.

Yaliyotupata

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kusi. Wawili kati yetu tulipanda mashua kutoka kisiwa cha Mafia kuja bara. Tulikuwa watu sita na mzigo wa nazi. Ndani ya mashua kulikuwa na matanga mawili: moja kubwa lililokuwa limefungwa kwenye foromali, na jingine dogo la akiba, limekunjwa chini ya nazi. Chini ya nazi! Hapo tayari kuna kosa la kwanza, lakini siku ile hakuna aliyeliona.

Tulitweka saa moja asubuhi. Upepo ulikuwa mzuri, mashua inakwenda, watu wanapiga hadithi. Saa nne upepo ukaanza kuongezeka. Mtu mmoja akamwambia nahodha, "Kaka, si tupunguze tanga?" Nahodha akajibu, "Ah, upepo huu ndio wa kutufikisha mapema." Sisi wengine tukanyamaza. Tulitaka kufika mapema vilevile.

Saa tano bahari ilikuwa nyeupe kwa povu. Upepo ulitupiga kutoka kushoto, mashua ikalala kulia, na ubao wa upande wa demani ukawa unachota maji. Ndipo nahodha alipopiga kelele: "Tua tanga!" Tukaifungua henza, ile kamba ya kupandishia foromali. Tukaingoja foromali ishuke. Haikushuka. Tanga lilikuwa limejaa upepo, likaibana foromali kwenye mlingoti kama mtu aliyeegemea mlango. Maji yakazidi kuingia. Mwisho mmoja wetu akachukua panga akaikata kamba ya demani. Tanga likaachia upepo na kuanza kupiga kwa kishindo, mashua ikainuka, halafu foromali ikaja chini kwa mara moja ikamvunja mkono baharia kijana.

Tukafua maji karibu saa nzima. Nazi nyingi tulizitupa baharini ili kulifikia tanga dogo. Tulipolitweka, hebu sikieni ajabu: mashua ilikwenda karibu mwendo uleule wa asubuhi! Imesimama vizuri, msukani mwepesi, maji hayaingii. Kumbe tanga kubwa lilikuwa halituongezei mwendo tena, lilikuwa linatulaza tu. Lakini tanga lile dogo lilikuwa kuukuu. Kabla ya kuufikia mlango wa mto mshono ukaachia kiasi cha shibiri tatu, tukaingia kwa kubahatisha.

Tulifika jioni. Hakuna aliyekufa. Mkono wa kijana ulipona lakini haukunyooka sawasawa, na mwenye nazi hakulipwa mpaka leo.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza watu na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Upepo ukiongezeka mara mbili

Watu wengi hufikiri kwamba upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake nayo inazidi mara mbili. Siyo hivyo. Nguvu inazidi mara nne. Upepo ukizidi mara tatu, nguvu inazidi mara tisa. Unachukua idadi ya kuzidi, unaizidisha kwa yenyewe: 2 mara 2 ni 4, 3 mara 3 ni 9.

Tuone kwa kilo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa husukuma kila mita moja ya mraba ya kitambaa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 2 hivi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma kwa kilo 8 hivi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, kilo 18 hivi. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu tanga hupinda na upepo haulisukumi lote sawasawa. Lakini yatosha kwa kazi yetu.

Basi tuchukue tanga la mita 20 za mraba:

Upepo wa kilomita 20: 20 × 2 = kilo 40.
Upepo wa kilomita 40: 20 × 8 = kilo 160.
Upepo wa kilomita 60: 20 × 18 = kilo 360.

Tazameni vizuri namba ya kwanza na ya pili. Asubuhi ile tulipoondoka tulikuwa na mtu mmoja mdogo anayetusukuma. Saa tano walikuwa wanne, wote wamesimama juu ya mlingoti wanavuta upande mmoja. Na sisi tulikuwa tunasema upepo "umeongezeka kidogo".

Jambo la pili ni urefu wa kwenda juu. Msukumo unaopiga juu unalaza chombo zaidi kuliko msukumo unaopiga chini, kama vile mti mrefu unavyong'oka kwa urahisi. Ili kujua nguvu ya kulaza, zidisha kilo kwa mita. Tuseme katikati ya tanga kubwa ni mita 3 juu ya maji. Katika upepo wa kilomita 40 tunapata 160 × 3 = 480. Sasa chukua watu sita wa kilo 60 kila mmoja, waambie wakae upande wa joshini, yaani upande unakotoka upepo, mita moja kutoka katikati ya chombo. Watu wote pamoja ni kilo 360. 360 × 1 = 360. Mnaona? Watu sita hawatoshi kushindana na tanga lile. Kinachobaki kuzuia mashua isipinduke ni upana wake na farumi iliyo chini, na kama farumi yenyewe ni nazi zinazoelea, Mungu atusaidie.

Sasa tweka tanga la mita 10 za mraba, katikati yake mita 2 tu juu ya maji. Kilo ni 10 × 8 = 80. Nguvu ya kulaza ni 80 × 2 = 160. Tanga limepungua nusu, lakini nguvu ya kulaza imeshuka kutoka 480 hadi 160, yaani imebaki theluthi moja. Watu sita walewale sasa wanaishinda bila shida.

Namna ya kupima tanga

Litandaze tanga mchangani pasipo na upepo. Kwanza pima ule ukingo unaofungwa kwenye foromali. Pili pima kutoka ukingo huo, moja kwa moja bila kwenda mshazari, mpaka pembe ya nyuma inayofungwa kamba ya demani. Zidisha, halafu gawa kwa mbili, kwa sababu pembe tatu ni nusu ya mstatili. Mfano: ukingo wa foromali ni mita 8, na upana ni mita 5. 8 × 5 = 40. 40 gawa kwa 2 ni 20. Tanga lina mita 20 za mraba.

Matanga ya majahazi mengine yana pembe ya mbele iliyokatwa, kwa hiyo yana pembe nne. Hayo yagawe kwa kamba katika pembe tatu mbili, pima kila moja, kisha jumlisha.

Hapa pana mtego, na wengi wameingia. Mtu anataka tanga la nusu. Anakwenda kwa fundi anasema, "Nipunguzie urefu nusu na upana nusu." Fundi anakata mita 4 kwa mita 2 na nusu. Haya, tupige hesabu: 4 × 2.5 = 10, gawa kwa 2 ni 5. Tanga la mita 5! Hilo siyo nusu, ni robo. Chombo kizito hakitakwenda mbele nalo, kitasukumwa na mawimbi ubavuni, na katika upepo wa mbele hakitabisha kabisa. Tanga dogo kupita kiasi nalo ni hatari, hasa ukiwa na mwamba au fungu upande wa demani na unataka kuliepuka.

Kwa nusu ya kweli ya tanga letu, mita 5 na nusu kwa mita 3 na nusu inakaribia: 5.5 × 3.5 ni 19.25, gawa kwa 2 ni mita 9.6 hivi. Sisi baada ya kuzungumza na mabaharia kadhaa tunaona kwamba mwenye mashua akiweza kuwa na matanga mawili tu, basi la pili liwe karibu na nusu ya la kwanza. Mwenye uwezo wa kushona matatu atengeneze na la theluthi.

Na foromali je? Tanga dogo likiwa na foromali yake fupi ni bora zaidi. Foromali ndefu ni mti mzito unaoning'inia juu, unachukua upepo na unayumbisha chombo hata tanga likiwa limekunjwa.

Kitambaa na umbo

Tunarudi kwenye ule mshono uliotuachia. Desturi ya vijiji vingi ni hii: tanga jipya linatumika, na tanga likichakaa linakatwa zile sehemu mbovu, linakuwa tanga dogo la upepo mkali. Tunasema wazi kwamba desturi hii haifai. Ni sawa na kumtuma mzee mgonjwa kubeba gunia ambalo kijana ameshindwa. Tanga la upepo mkali ndilo linalotakiwa kuwa la nguvu kuliko yote.

Zamani matanga yalishonwa kwa marekani, kitambaa cha pamba. Siku hizi twatumia turubai, na wenye ngalawa wengi hushona viroba vya plastiki. Kiroba ni chepesi na ni rahisi kupatikana, hatuwalaumu. Lakini jua hukila haraka. Kishike kwa vidole viwili ukikwaruze: kikitoa unga au nyuzi zikakatika, hakifai tena kwa kusi, hata kama kwa macho kinaonekana kizima.

Mishono iwe miwili, sambamba. Pembe zote tatu ziongezewe vipande viwili au vitatu vya kitambaa, maana nguvu yote ya tanga hukusanyika pembeni. Pindo zote zitiwe kamba.

Tena umbo. Tanga la upepo mdogo hushonwa liwe na tumbo, ili likamate upepo. La upepo mkali liwe bapa. Tumbo kubwa katika upepo mkali huvuta chombo ubavuni badala ya kukipeleka mbele. Ukitaka kujua, litweke tanga chombo kikiwa kimefungwa pwani siku ya upepo mdogo, ulale chini yake utazame juu. Ukiona limebinuka kama mgongo wa ng'ombe mnene, mrudishie fundi.

Vyombo vyenye tanga la mbele

Vipo vyombo vyenye matanga mawili kwa wakati mmoja. Baadhi ya majahazi hutweka tanga dogo omoni, kwenye ule mlingoti wa maji unaochomoza mbele. Na vile vyombo vya starehe na mashindano vinavyopita bandarini kwetu karibu vyote vina tanga la mbele la pembe tatu na jingine nyuma ya mlingoti. Kwa hawa swali ni gumu kidogo: upepo ukizidi, ubadilishe lipi?

Jibu liko mkononi mwa anayeshika msukani. Tanga la mbele husukuma omo likimbie upepo. Tanga la nyuma husukuma tezi, na kwa hiyo omo hugeukia upepo. Yakiwa sawa, msukani unakuwa mwepesi. Ukipunguza la mbele peke yake na kuacha la nyuma kubwa, chombo kitataka kila wakati kugeuka kuelekea upepo, na msukani utakuvuta mpaka mikono iume. Ukipunguza la nyuma peke yake, omo litaanguka upande wa demani na hutaweza kubisha. Basi yapunguzwe yote mawili kwa kupokezana, huku unausikiliza msukani.

Wenye vyombo hivyo huwa na matanga ya mbele ya namna tatu au nne: kubwa sana la upepo mdogo, linalopita nyuma ya mlingoti; la kati; la upepo mkali; na dogo kabisa la dhoruba. Wengi siku hizi wana mtambo wa kulizungushia tanga la mbele kwenye waya wake kama mkeka, hivyo hulikunja nusu na kuliacha nusu. Ni rahisi, lakini tanga lililokunjwa hivyo huwa na tumbo baya na kitambaa chake ni chepesi. Kwa upepo wa kati sawa. Kwa dhoruba, wapi!

Chama cha dunia kinachosimamia mashindano ya matanga kina kanuni ya kupima matanga hayo, na ni hesabu nzuri kwetu kujizoeza. Pima kimo kutoka sitaha mpaka pale waya wa mbele unapofungwa juu mlingotini. Kizidishe kwa chenyewe. Tanga la mbele la upepo mkali lisizidi asilimia 13 na nusu ya jibu hilo, na la dhoruba lisizidi asilimia 5. Mfano, kimo ni mita 12: 12 × 12 = 144. Asilimia 5 ya 144 ni 7.2. Kwa hiyo chombo kikubwa kama hicho, katika dhoruba, kinaruhusiwa tanga la mbele la mita 7 hivi tu! Tena liwe na rangi kali kama ya chungwa au manjano, ili watafutaji walione kutoka mbali.

Kanuni za namna hii zilikazwa baada ya msiba. Mwezi wa Agosti 1979 vyombo 303 viliondoka Uingereza katika mashindano ya kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Dhoruba ikawakuta njiani. Wanamashindano 15 walikufa. Walikuwa watu wenye vyombo vya fedha nyingi na vifaa ambavyo sisi hatuna. Bahari haikuwauliza bei ya chombo.

Lini kubadili

Sasa tumefika penyewe. Maana sisi siku ile tulikuwa nalo tanga dogo. Tulikosa kulitweka kwa wakati.

Tulimwendea mzee mmoja, nahodha wa majahazi tangu ujana wake. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni." Tukamweleza habari yetu yote. Akatuuliza swali moja tu: "Mlipoondoka pwani, tanga dogo lilikuwa wapi?" Tukaona haya kumjibu. Akasema, "Tanga mnalichagua mchangani, siyo kilindini. Kule mnatumia mlichokichagua."

Akatueleza kwamba wakati wa kusi yeye hutoka na tanga dogo, hata kama asubuhi bahari imelala. Upepo wa asubuhi wakati wa kusi mara nyingi ni mdogo. Jua likipanda nao unapanda, na alasiri ndio huwa na nguvu. Tukamuuliza, "Je, mzee, na ukichelewa?" Akacheka. "Nitachelewa saa mbili. Ninyi mlichelewa saa ngapi?"

Mambo hayo ni ya tangu zamani. Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda chombo cha Kuwait kilichokuja na kaskazi mpaka Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti. Aliandika kwamba tanga la vyombo vile halikuwa na vikamba vya kulipunguzia. Chombo kilichukua matanga ya ukubwa mbalimbali, na upepo ukizidi foromali ilishushwa, tanga kubwa likafunguliwa, dogo likafungwa mahali pake. Ni kazi ya watu wengi. Mashua ya watu sita ni lazima iianze mapema zaidi.

Siku hizi tunao msaada ambao wazee hawakuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza hali ya bahari, na redioni au kwenye simu tunasikia maneno kama "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2". Wengi husikia tu "upepo mkali" wakapita. Sasa ninyi mnaweza kuitumia namba hiyo. Kilomita 40 ni kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa tanga lako kabla hujasukuma chombo majini. Na mkumbuke kwamba vipo vishindo vya ghafla vinavyopita namba hiyo.

Kama huna redio, soma bahari yenyewe. Vilele vyeupe vikianza kuwa vingi, upepo uko kati ya kilomita 20 na 28 kwa saa. Povu jeupe likiwa kila mahali na maji yanarushwa usoni, umefika kilomita 39 hadi 49. Povu likianza kujipanga mistari mirefu kufuata upepo, umepita kilomita 50, na mashua ndogo haina kazi tena kilindini. Namba hizi zinatokana na kipimo cha Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kinachotufurahisha ni kwamba yeye alipokitengeneza hakuandika mwendo wa upepo. Aliandika ni matanga gani manowari ingeweza kuyabeba. Naye pia alipima upepo kwa tanga!

Chombo nacho kina lugha yake. Msukani ukianza kuvuta kwa nguvu. Ubao wa demani ukigusa maji mara kwa mara. Kwa ngalawa, ule ubao wa pembeni wa demani ukizama na wa joshini ukining'inia hewani muda mrefu. Mtu mmoja akianza kufua maji bila kupumzika. Ukiona dalili moja tu kati ya hizi, badilisha. Usingoje ya pili. Na mtu yeyote ndani ya chombo, hata kijana wa kufua maji, awe na ruhusa ya kusema "tupunguze" bila kuchekwa. Hili tumelikubali sisi wenyewe katika kikundi chetu, baada ya kubishana sana, maana manahodha hawapendi kuambiwa.

Kulishusha na kulifunga

Kama kuna kisiwa au fungu, ingia nyuma yake ubadilishe huko. Kama hakuna, fanyeni kazi kwa mpango. Kila mtu ajue kamba yake kabla ya kamba yoyote kuguswa. Tanga dogo litolewe kwanza, liwekwe mkononi. Watoto na abiria wakae chini, mbali na njia ya foromali.

Halafu geuza omo kidogo kuelekea upepo na kuilegeza kamba ya demani, mpaka tanga lianze kupiga. Hapo tu ndipo foromali itakubali kushuka. Sisi tulitaka kuishusha tanga likiwa limejaa, na mmeona matokeo. Lakini msipitilize. Upepo ukilipiga tanga kutoka upande wa pili, litabandikwa kwenye mlingoti na chombo kinaweza kulala papo hapo.

Henza msiiachie moja kwa moja. Izungusheni mara moja kwenye mti wa kufungia, muiachie polepole. Tanga likifika chini lilalieni, likae ndani ya chombo lisiingie majini. Hapo mtu mmoja aendelee na msukani, na wengine wafungue tanga kubwa na kulifunga dogo.

Baada ya kutweka dogo, epukeni kugeuza upande bila sababu. Tanga letu hugeuzwa kwa kuipitisha foromali mbele ya mlingoti, na katika upepo mkali hiyo ndiyo kazi ya hatari kuliko zote. Panga majira yako mapema ili ugeuze mara chache.

Mwezi uliopita kikundi chetu kilimaliza kushona tanga la pili la mashua yetu, la turubai jipya, mita 10 za mraba. Yule kijana aliyevunjika mkono ndiye aliyeshika kamba ya kupimia.

Maswali

1. Tanga lina ukingo wa mita 6 kwenye foromali, na upana wa mita 4. Lina mita ngapi za mraba?

2. Redio inasema upepo utafikia kilomita 40 kwa saa. Tanga hilo litasukumwa kwa kilo ngapi hivi?

3. Mkikata urefu nusu na upana nusu, litabaki na mita ngapi za mraba? Je, hiyo ni nusu au robo?

4. Mashua moja ina tanga la mbele na la nyuma. Nahodha amepunguza la mbele tu, na sasa msukani unamvuta mikono. Afanye nini?

5. Nendeni pwani na kikundi chenu. Pimeni matanga ya vyombo vitatu, muandike katika daftari: kubwa mita ngapi, dogo mita ngapi, na dogo limewekwa wapi ndani ya chombo.